Nani Alimnywesha Kicheko?

"Shahidi, nakuuliza kwa mara ya pili. Kichupa hiki unakitambua, hukitambui?"

Tangu wiki iliyopita Kidoti yuko palepale, kizimba cha mashahidi, mkono mmoja kaegemea ubao. Wewe msomaji ulikwenda zako ukala, ukalala, ukaamka. Yeye hajaketi.

Na wewe uliyeingia leo, sogea karibu nikueleze upesi. Aliyekufa ni shemeji yake Kidoti, mwuza nyama ambaye mji mzima ulimwita Kicheko, maana hakujua kukukatia nyama bila kukuvunja mbavu. Anayeshtakiwa kwa kumwekea sumu ni mkewe, dada yake Kidoti, wa tumbo moja. Na kwa watu wa mji ule kesi ilikwisha zamani. Sumu ilikuwa kwenye chupa ya chai, ile ya kijani, ambayo mke alimjazia mumewe asubuhi akaenda nayo buchani. Watoto walikuwa wameshaitungia wimbo.

Lakini leo Wakili wa Serikali hakushika chupa ya chai. Alishika mfuko wa nailoni, na ndani yake kulikuwa na kichupa kidogo cha kahawia cha dawa ya kikohozi, kimefukuliwa jalalani nyuma ya nyumba ya marehemu.

Kidoti alikitambua. Angekosaje? Alikinunua kwa mkono wake.

Shemeji alikuwa akikohoa. Dada akapiga simu: mdogo wangu, ukija pitia duka la dawa. Akapitia. Tena ni yeye Kidoti aliyekifungua, akammiminia shemeji kijiko cha kwanza, na Kicheko akaachama kama kifaranga ili watu wacheke. Wakacheka. Alilala salama. Kesho yake, akiwa amekwisha kunywa kijiko kingine nyumbani, alianguka mbele ya wateja, kisu mkononi.

Kidoti alipofika msibani aliangalia rafuni. Kichupa hakikuwapo.

"Dada, ile dawa iko wapi?"

"Dawa gani?" dada alimjibu, akageuza uso.

Basi tangu siku hiyo Kidoti akawa anajua, au anadhani anajua. Hakumwambia mtu. Polisi walipomhoji habari za chai, alijibu habari za chai. Alikuwa ameuona mkono wa dada yake ukiwa na alama nyeusi karibu na kwapa, mahali ambapo mikono ya gauni hufunika. Kicheko alikuwa wa watu wa nje. Akivuka kizingiti cha nyumba yake, kicheko kilibaki barazani.

"Shahidi!"

Alimtazama dada yake, kule kizimbani, amekonda, shingo imekuwa ndefu. Alimtazama mama yao, benchi la mbele, mkoba mapajani. Akisema ndiyo, anamfunga dada yake kamba. Akisema hapana, amekula kiapo cha uongo mbele ya jaji.

"Sikitambui."

"Hujawahi kukiona?"

"Vichupa vya dawa vinafanana, mheshimiwa. Hata kwako nyumbani kipo."

Watu wakacheka. Jaji akagonga meza. Wakili wa Serikali naye akatabasamu, na tabasamu lile halikumpendeza Kidoti hata kidogo.

"Ni kweli kipo. Ila changu hakina sumu ya panya." Akawageukia watu kidogo, kisha akamgeukia jaji. "Mheshimiwa Jaji, Mkemia wa Serikali ameipima chupa ya chai. Amekuta chai, maziwa na sukari, basi. Amekipima na kichupa hiki. Hiki ndicho kilichomuua marehemu."

Hebu vuta picha ya ukumbi ule! Mwandishi wa habari aliangusha kalamu. Bibi mmoja akapiga yowe kama aliyeletewa taarifa ya msiba upya. Nyuma kabisa mtu akapaza sauti, "Tuliwaambia!" ingawa hakuna aliyekuwa amemwambia mtu yeyote kitu chochote.

Wakili wa utetezi akasimama na joho limempanda begani. "Mheshimiwa, taarifa hiyo mimi sijaletewa! Napinga!"

"Keti."

"Napinga nikiwa nimeketi!"

Jaji akaahirisha kesi hadi kesho asubuhi. Kabla hajainuka alimkazia macho Kidoti. "Shahidi, bado uko ndani ya kiapo chako. Usizungumze habari za ushahidi wako na mtu yeyote. Nimesema yeyote. Na kesho ukirudi hapa, uwe umekumbuka vizuri."

Kidoti akamtafuta dada yake kwa macho. Alitegemea aone hofu. Haikuwapo! Dada aliinamisha kichwa akashusha pumzi, kama mtu aliyetua ndoo ya maji iliyomtesa njiani.

Ameshukuru nini? Kichupa kimepatikana, sumu imepatikana, yeye ameshukuru nini?

Askari wakamchukua kabla jibu halijapatikana.

*

Mahakama ikafunga milango, mahakama ya mtaani ikafungua.

Ngazini pale watu hawakusubiri hata kufika chini. "Kama si chai, basi mke hana kosa!" "Hana kosa vipi, dawa si ilikuwa kwake?" "Nasema mimi, kuna hawara." "Hawara wa nani?" "Wa yeyote, lakini yupo." Mzee mmoja mwenye baiskeli alikuwa anaeleza jinsi sumu inavyoingia kwenye kizibo, na watu wamemzunguka kama vile yeye ndiye mkemia.

Mama alimshika Kidoti mkono hadi barabarani. Walipofika kwenye kona akamwachia.

"Nenda kazini."

"Mama, siwezi."

"Una bibi harusi wa kesho. Ukijifungia ndani watasema umejificha. Nenda."

Akaenda. Saluni yake haikuwa kubwa: viti vitatu, mashine moja ya kukaushia, vioo ukuta mzima kutoka mlango hadi mlango. Bibi harusi alikuwa ameshafika, na Mama Pacha pia, ambaye nywele zake zilisukwa juzi na hazikuwa na tatizo lolote.

"Nimekuja kukupa pole tu," akasema Mama Pacha, akavuta kiti akakaa vizuri, mtu ambaye hana safari.

Kidoti akachukua kitana cha mkia, akagawa nywele za bibi harusi, akaanza upande wa kulia. Vidole vilijua kazi. Kichwa kilikuwa kwingine.

"Mimi tangu mwanzo nilisema si chai," Mama Pacha akaanza.

Binti wa kupaka rangi kucha akainua uso. "Wewe? Wewe si ndiye uliyetupa chupa yako ya kijani ukanunua nyekundu?"

"Ile ilikuwa inavuja."

"Haya."

"Na nikwambie kitu. Mke akitaka kumuua mume hatumii chai. Chai ina mashahidi wengi. Kuna sufuria, kuna kikombe, kuna jirani amekuja kuomba sukari. Ila dawa! Dawa mtu anakunywa mwenyewe na asante anakwambia." Akamgeukia Kidoti. "Au siyo, mwanangu?"

"Jaji amenikataza kusema."

"Amekukataza kusema. Hajakukataza kutikisa kichwa. Wewe tikisa tu, tutaelewa."

Kidoti hakutikisa. Kinyozi wa chumba cha pili akachungulia mlangoni, mashine mkononi bado inalia. "Samahani jamani. Hivi hicho kichupa kilikuwa na kizibo au hakikuwa nacho? Kwangu kule kuna ubishi."

"Nenda kanyoe watu," akasema binti wa kucha.

"Mimi ninachojua," akasema kinyozi bila kuondoka, "Kicheko alikuwa mtu wa watu. Aliyemuua mtu kama yule, dunia haitamkalia sawa. Alikuwa akinikatia nyama ya mchuzi huku ananiimbia. Nani anafanya hivyo siku hizi?"

Kidoti akavuta uzi. Alitaka kusema: njoo uone mkono wa dada yangu. Alitaka kusema mengi. Akakaza uzi.

"Dada, unanivuta," bibi harusi akasema taratibu.

"Samahani, mdogo wangu."

Redio ndogo juu ya rafu ilikuwa inaongea peke yake tangu asubuhi. Mtangazaji alikuwa amefungua simu, na wapigaji walikuwa wanagombea laini. Mmoja alisema mke aachiwe leo leo. Mwingine alisema anyongwe leo leo. Wa tatu alitaka kumsalimia shangazi yake. Kisha ikaingia sauti ya mwanamume, yenye woga kidogo.

"Mimi nauza dawa. Duka langu liko karibu na soko."

"Karibu, ndugu muuza dawa. Maoni yako?"

"Sina maoni. Nina jambo. Nilikuwa nimejinyamazia, maana wote mlisema chai, nikajua hainihusu. Lakini leo nimesikia ni dawa ya kikohozi. Ndugu mtangazaji, ile dawa niliiuza mimi."

Binti wa kucha akaiongezea redio sauti.

"Una uhakika gani?"

"Kilikuwa kimebaki kimoja siku ile, nikapanda ngazi kukitoa juu, nikateleza. Mnunuzi akanicheka sana. Ndiyo maana nakumbuka. Na aliyenunua hakuwa mke wa marehemu. Mke wa marehemu namjua, ni mteja wangu."

"Alikuwa nani?"

"Mwanamke kijana. Jina silijui. Ana kidoti hapa, juu ya mdomo, upande wa kushoto."

Hakuna aliyegeuza shingo. Hakukuwa na haja. Mbele yao kulikuwa na vioo ukuta mzima, na katika kila kioo alikuwamo mwanamke mmoja, kitana mkononi, kidoti juu ya mdomo, upande wa kushoto.

Kidoti akainua kiganja akafunika mdomo. Angejua! Mkono ule ndio uliotoa ushahidi alioukataa kizimbani.

"Yesu na Maria," akasema binti wa kucha kwa sauti ya chini.

Mama Pacha alisimama, na yule mtu ambaye hakuwa na safari akakumbuka ghafla safari tatu. Akatoka kinyumenyume. Kinyozi alikuwa ameshaondoka, na huko nje sauti yake ilisikika, "Ni Kidoti! Jamani, ni mdogo mtu! Ni Kidoti!"

Kitini akabaki bibi harusi. Maskini, angekwenda wapi? Kulia amesukwa, kushoto nywele zimesimama kama zilizoona jini, na msuko wa mwisho bado uko kwenye vidole vya mwanamke ambaye redio imemtaja sasa hivi.

"Dada," akasema, "mimi nitamalizia nyumbani tu."

"Sijamuua mtu, mdogo wangu."

"Najua dada. Najua kabisa. Naomba tu uniachie nywele."

Kidoti akamwachia. Msichana akatoka mbio na taulo mabegani, na binti wa kucha akamfuata bila kuaga, brashi bado mkononi.

Kidoti alipofika mlangoni na yeye atoke, mlango ulivutwa kwa nje. Komeo likaingia.

"Asitoke!" sauti ikasema. "Mpaka polisi waje!"

"Fungueni!"

"Kula na wewe kijiko!" mtu akajibu, na kundi likashangilia.

Mlango wa nyuma ulikuwa na makreti ya soda ya jirani yamepangwa hadi juu. Alisukuma. Hayakwenda. Nje walikuwa wanaongezeka, akiwasikia wakielezana. Sasa ilikuwa yeye ndiye hawara. Sasa ilikuwa alimtaka shemeji, akakataliwa. Sasa ilikuwa dada na mdogo walipanga pamoja. Kila aliyefika alipewa habari, akaiongezea kidogo, akampa wa nyuma yake. Kidoti akarudi akaketi katika kiti cha wateja, mbele ya kioo, akafumba macho asijione.

Ndipo kelele zikapungua, zikawa minong'ono, zikaisha.

"Nani amefunga mlango huu?"

Ilikuwa sauti ya mama.

"Mama, shikamoo. Ni kwamba binti yako redio imesema..."

"Binti yangu nimemzaa mimi, sikumzaa na redio. Fungua."

Komeo likachomoka. Alisimama pale mwanamke mfupi, miguu imevimba ndani ya malapa, mkoba kwapani. Aliwatazama mmoja mmoja, na wanaume wazima wakatafuta mahali pa kuweka mikono.

"Twende, mwanangu."

Wakapita katikati. Hakuna aliyewagusa. Lakini nyuma yao nyayo zilianza kufuata, kwanza chache, halafu nyingi.

*

Nyumba ya dada ilikuwa imefungwa na polisi tangu siku alipokamatwa, kwa hiyo mama, ambaye wakati wa kifo alikuwa anakaa kule kwa dada kwa ajili ya matibabu ya miguu, alihamia kwa Kidoti. Ilikuwa sebule na chumba cha kulala, na dirisha moja la nondo linalotazama barabara. Ng'ambo tu ya barabara kilikuwa kituo cha polisi.

Mama akafunga mlango wa nje. "Kaa."

"Mama, jaji amesema nisizungumze na mtu yeyote."

"Jaji hakukunyonyesha. Kaa nikwambie." Akaketi yeye kwanza, akanyoosha miguu. "Kichupa kile alikifukia dada yako."

Kidoti akaduwaa.

"Alfajiri ile baada ya kifo. Nilimwona akitoka na jembe. Nikamuuliza. Akaniambia, mama, dawa hii aliileta mdogo wangu. Kama ameweka kitu, ameweka kwa ajili yangu, kwa yale aliyoyaona mwilini mwangu. Usimwambie mtu. Waache washike chai, chai haina kitu, nitatoka."

"Dada anadhani ni mimi?"

"Na wewe ulidhani ni nani?"

Machozi yalimjibia. Sasa aliielewa ile pumzi mahakamani. Dada hakushukuru kwa ajili yake mwenyewe. Alishukuru mdogo wake amekana, ameponyoka. Miezi yote ile ya mahabusu alikuwa amekaa kimya kumlinda mtu ambaye naye alikuwa amekaa kimya kumlinda yeye.

Akaanza kucheka, machozi yakiendelea. "Mama! Kumbe hakufanya! Si mimi, na si yeye! Basi tumepona! Kesho nitasimama niseme yote."

"Utasema nini?"

"Ukweli."

"Useme. Nilikinunua mimi, nilikileta mimi, nilimnywesha mimi kijiko cha kwanza, na jana niliapa sijawahi kukiona. Halafu?"

Kidoti akaacha kucheka.

"Halafu watakuweka chumba kimoja naye," akasema mama. "Nitakuwa nawaletea chakula wawili badala ya mmoja. Na ukinyamaza, watamnyonga yeye peke yake. Muuza dawa ameshasema, kwa hiyo hata kunyamaza hakupo tena."

Kidoti alisimama, akatembea hadi ukutani, akarudi. Chumba kile alichokilipia miaka yote leo kilikuwa kidogo kama sanduku. Nje, watu walikuwa wamefika. Alisikia Mama Pacha akiwapanga waliochelewa na kuwahadithia toka mwanzo.

"Nitakwenda polisi mwenyewe," akasema. "Sasa hivi, kabla hawajanifuata. Nikienda kwa miguu yangu huenda watanisikiliza. Nitaomba waniitie wakili wa dada, nitamwambia kila kitu. Nikifungwa kwa kiapo cha uongo nifungwe. Lakini dada ajue sikumdhania vibaya kwa chuki."

Mama akainuka, akamfuta mtoto wake uso kwa ncha ya mtandio, kama alivyokuwa akimfuta alipokuwa mdogo akitoka kucheza.

"Nenda kabadilishe gauni. Una nywele za watu mwili mzima. Huwezi kwenda mbele za wakubwa hivyo."

Kidoti akaingia chumbani. Alikuwa amevua gauni hadi mabegani aliposikia ufunguo ukizunguka.

"Mama?"

Kidoti akavuta kitasa.

"Mama, umefunga?"

"Nimefunga."

"Kwa nini?"

"Ukitangulia wewe, mimi hawatanisikiliza. Watasema bibi anataka kumwokoa mtoto."

Kidoti akaushika mlango kwa mikono yote miwili. Alisikia kiti kikilia, mama anaketi. Alisikia malapa yakiwekwa pembeni na viatu vikivutwa chini ya meza, vile vya kwendea kanisani, na mama akiguna kwa kila mguu uliokataa kuingia.

"Mama, usifanye hivyo! Usiende kujitwika! Nakujua wewe, unataka kujitwika ili sisi tutoke. Haitasaidia! Mimi sikufanya. Dada hakufanya. Sasa tumejua wote, tutapigania kesi yetu!"

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua hamkufanya." Sauti ilikuwa karibu sana, kama vile mama ameweka paji la uso upande wa pili wa ubao uleule. "Nilijua tangu siku ya kwanza, mwanangu."

Nyayo zikaondoka polepole. Mlango wa nje ukafunguka.

Kidoti alibaki amesimama, gauni limening'inia kiunoni. Tangu siku ya kwanza. Siku ambayo dada alimdhania yeye, naye akamdhania dada, na mji mzima ukaidhania chai, kulikuwa na mtu mmoja tu ndani ya nyumba ile ambaye hakudhani. Alijua.

Na nani alikuwa akilala chumba cha pili, ukuta mmoja na wao, akisikiliza kila kipigo?

"Mama!"

Akajitupa dirishani, akashika nondo. Barabara ilikuwa imejaa. Mama alikuwa ameshatoka barazani, mkoba kwapani, anachechemea katika viatu vya kanisani.

"Mzuieni!" Kidoti akapiga kelele. "Mzuieni mama yangu! Msimwache afike!"

Vichwa vyote vikainuka dirishani.

"Mnasikia?" akasema Mama Pacha. "Mama mwenyewe amemfungia ndani!"

"Anakwenda kumshtaki!"

"Mtoto anataka azuiwe asiseme! Mmeona roho hiyo?"

"Siyo hivyo! Jamani, nisikilizeni! Mzuieni!"

"Nyamaza, muuaji!"

"Maskini mama wa watu. Mpisheni! Mpisheni mama apite!"

Wakampisha. Kundi zima likagawanyika pande mbili, kama wanavyompisha mtu mwenye heshima zake. Wanaume wakavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Shikamoo, mama. Mungu akutie nguvu."

"Marahaba, mwanangu."

Kidoti aliita mpaka sauti ikakatika, akabaki anatikisa nondo tu. Magari yalikuwa mengi saa ile, na mama akasimama ukingoni, miguu inamtetemeka, hajui apite lini. Hapo akajitokeza kinyozi, yule aliyempenda Kicheko kupita wote, mabega yake bado yana vumbi la nywele. Akainua mkono kuyasimamisha magari. Kisha akamshika bibi yule kiwiko, taratibu, kwa adabu zote, akamvusha barabara hadi mlangoni mwa polisi.